Karatasi ya Mwisho ya Kaye Yangu

Estelle, ukitoka masomo, wasomee baba yako na bibi yako karatasi hii pole pole, maana wao hawajui kusoma.

Sombe ya majani ya muhogo iko katika sufuria ndogo. Muchele uko kwenye kitunga, uupepete kwanza. Mudogo wako Joël anywe dawa ya kifua jioni, kijiko kimoja tu.

Asubuhi nilitafuta kaye yangu, daftari langu la masomo ya watu wazima. Nikakuta bibi ameipasua karatasi moja moja, anafungia kalanga za kupeleka sokoni. Alidhani ni kaye yako ya mwaka jana. Sikumugombeza, angejuaje? Ila baba yako alicheka, akasema mama wa watoto wawili anatafuta diplome ya nini.

Baba Estelle, sikutafuta diplome. Nilianza kusoma kwa sababu nilimupa Joël vijiko vitatu vya dawa ileile, kwa kushindwa kusoma chupa, akalala siku mbili bila kunyonya. Ulikuwako. Ulimupeleka mwenyewe kwa baiskeli mpaka hospitali ya Kasongo, ukilia njiani.

~~Kesho nitanunua kaye ingine.~~

Hapana. Miezi saba yangu iko sokoni, watu wanatupa maganda ndani yake. Leo ni siku ya masomo, lakini nimeenda shamba. Kesho kutwa vilevile.

Bibi alinibakishia karatasi hii moja. Estelle, ukimaliza kuwasomea, umurudishie. Itaenea kufungia kalanga za mutu mumoja.

Mama yenu