Mkono wa Mama Juu ya Bodi

Jumatano, jioni

Bado siamini. Tangu juzi kompyuta ya saiba yangu inazima katikati ya kuchapa programu za mazishi ya kesho, nami nimekuwa nikikodolea macho joto la prosesa, ambalo liko sawa.

Leo Mama, anayekausha samaki kwa moshi kule Usenge, alipitisha mkono juu ya bodi ya kompyuta iliyo wazi, vile anavyopima joto la jiko lake.

"Moto uko hapa, nyathina, mwanangu," akasema, akionyesha vipande vidogo vinavyoipa prosesa umeme.

Nikatafuta joto la vipande hivyo kwenye skrini, mstari ambao sijawahi kuusoma. Digrii mia moja na nane.

Nimevielekezea feni. Kompyuta haijazima tena.

Mkono huohuo ulikuwa ukinigusa kipaji cha uso nikiugua utotoni. Nilidhani ananibembeleza tu.