Uzio Kwenye Jiwe

Butembo, Jumanne. Ukungu umekataa kuondoka tangu asubuhi, na mimi nina hasira ambayo sijui nimpelekee nani.

Leo nimepanda mlimani kuangalia maua yetu. Ni yale mekundu yanayoota kwenye nyufa za mawe, juu ya shamba la Mama Kavira. Zamani yalijaa kila kilima cha mawe hapa karibu. Siku hizi sijui kwingine yalikobaki. Mbuzi wameyala, wapasua kokoto wameyavunjia makao. Kwa hiyo mwezi uliopita mimi, mwalimu wa biolojia ninayejiona nina akili, nilinunua waya wa miba, tukazungusha uzio mimi na Mama Kavira. Tuliteremka tukiimba.

Hakuna aliyetuuliza kitu. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Huku kwetu mtu huzungushia uzio kiwanja au shamba. Ukizungushia jiwe tupu mlimani, watu wanaelewa jambo moja tu: umepata dhahabu.

Leo nimekuta mashimo ndani ya uzio. Mashina kadhaa yameng'olewa na kutupwa pembeni, vitunguu vyake vya chini vikikauka. Nimelia, sioni aibu kusema. Mama Kavira amenisimulia huku anatazama chini: "Balikuya kuuliza zahabu, Madame. Nikabaambia ni maua tu. Bakacheka."

Hata mimi ningecheka. Nani analinda maua, nyakati hizi?

Nilipokuwa nateremka nimekutana na mwanaume aliyevaa mabuti. Simjui. Amenisalimu kwa heshima zote, kisha akaonyesha kule kwenye uzio, akasema: "Usiogope, Madame. Ile fasi siye tutakuchungia."

Sikumuuliza hao "siye" ni akina nani. Dada yangu anaishi Mulekera, kule Beni ambako vikundi vyenye silaha haviishi, na aliniambia zamani kwamba swali hilo haliulizwi. Nimesema asante, nikaendelea kutembea.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Dhahabu haipo. Kinachokuja ndicho kinachonitia hofu.

Nimeamua kuung'oa uzio wote, mchana kweupe, kila mtu aone kwamba hakuna cha kulinda. Mbuzi watarudi, najua, na mbegu za mwaka huu bado mbichi. Basi, acha wale. Mbuzi hula ua na kuacha kitunguu ardhini, nacho huchipua tena. Mwenye sururu haachi kitu.

Lakini nikiung'oa, watasema tumekwisha kuichukua hiyo dhahabu. Watataka kujua tumeiweka wapi. Mimi hapa mjini, mtaa wa Vulamba, nina ukuta na majirani. Mama Kavira analala peke yake chini ya mlima, na mlango wake unafungwa kwa kamba.

Kesho nianze na uzio, au nianze kwa kumtoa yeye kule?