Kisima Chini ya Uwanja wa Bandari

Bandarini,
Jumapili asubuhi.

Aabo mpendwa,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Hooyo, na kwamba goti lako limepoa kidogo. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila joto la huku pwani lina unyevu. Nguo hazikauki, na mwenyewe sikauki. Mwambie Hooyo, mama yangu kipenzi, maziwa ya ngamia tunauziwa kwenye chupa za soda, na yametiwa maji bila haya. Nakuandikia Kiswahili, lugha uliyoifundisha miaka thelathini hapo Griftu, kwa hiyo makosa ya ngeli leo nisamehe.

Uliniuliza kwenye simu kazi yangu hasa ni ipi. Nasikia sokoni unasema binti yako ni mkubwa wa bandari. Aabo, mimi si mkubwa wa chochote. Kuna kampuni inayotaka kusimamisha mitambo ya umeme wa upepo katikati ya bahari, na kabla ya kupelekwa huko vipande vyake vitashushwa gatini na kupangwa uwanjani. Bawa moja la feni ni refu kuliko soko lenu la mifugo. Kipande kimoja cha mnara kina uzito wa ngamia mia na hamsini. Bandari hii ilijengwa kwa ajili ya makontena, na ardhi yake haikuzoea mzigo wa namna hiyo, basi tunaishindilia upya. Kazi yangu ni kupiga chuma ardhini kila baada ya hatua kumi, kuhesabu mapigo, na kuandika kama udongo unabeba au haubebi. Nikiandika unabeba, kreni inapita.

Sasa nije kwa Yarrow, mtoto wa jirani yetu Arbia, aliyemposa dada yangu Ruweyda. Najua habari zake zilifika huko wakati yeye bado amelazwa hospitali huku. Tulikuwa tukiujaribu uwanja kwa matofali makubwa ya zege. Kreni aliyokuwa akiendesha ikazama upande mmoja, ikainama, zege likaporomoka, naye akaruka akavunjika mkono. Mfunga kamba alikuwa ameondoka pale dakika ileile kwenda kunywa maji, la sivyo tungezika. Wakubwa walisema Yarrow alikwenda kasi. Alijitetea kwamba alikuwa akitambaa kama kobe, lakini hakuna aliyemsikiliza, akafukuzwa kazi.

Ruweyda alinipigia simu akilia. Alisema umemwambia Arbia kwamba posa imevunjika, kwamba hutamwoza binti yako kwa mtu anayecheza na roho za watu, na kwamba maneno hayo uliyasema nje ya msikiti mbele ya wazee. Nilimwambia asubiri. Sikumwambia kwa nini.

Aabo, kaa vizuri kabla ya kuendelea.

Kwenye kona ya kaskazini ya uwanja kulikuwa na rundo la miiba. Wenzangu walidhani ni takataka. Mimi nilijua, kwa sababu katikati yake palisimama kigingi kilichochomwa chapa ya ngamia. Kilikuwa kisima cha wafugaji wanaoshuka kutoka Garissa wakati wa kiangazi. Tangu utoto wetu ulitufundisha kwamba kisima kilichofungwa kwa miiba hakifunguliwi ila na mwenyewe, hata ukiwa na kiu. Nilisimama pale na chuma changu, mikono ikakataa. Na kumweleza mhandisi niliona aibu, asije akasema huyu wa kaskazini ametuletea mila kazini. Basi nikanakili hesabu ya mapigo ya shimo la jirani, nikaandika udongo unabeba. Wiki hiyohiyo tingatinga likafukia miiba, kigingi na kisima, mimi nikitazama. Kreni ya Yarrow ilizama hapo hapo.

Siku ishirini na tatu nilinyamaza. Niliogopa kurudishwa nyumbani baada ya sifa zote ulizonipa. Nilijiambia Yarrow ni fundi mzuri, atapata kazi kwingine. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika kwa dada yangu mwenyewe.

Alhamisi nilikwenda kwa mhandisi nikasema yote. Hakunigombeza. Alimtafuta mwenye kisima, mzee mmoja anayeitwa Nunow, akaja kutoka upande wa Ijara. Nilipomwomba msamaha kwa kukifukia, nikamweleza kwamba niliheshimu miiba yake, alinikodolea macho, kisha akacheka hadi akakohoa. “Walahi, namba yangu nimeandika nyuma ya kigingi,” alisema. “Si ungenibigia simu tu?” Alisema miiba inamzuia mtu kuteka, haimzuii kuuliza. Nililia mbele ya wanaume wote wale, Aabo, kwa kujikasirikia mwenyewe. Kisima kitajazwa mawe na zege, naye atachimbiwa kingine nje ya ua.

Mimi nimesimamishwa kazi. Mwisho wa mwezi nitajua kama nimefukuzwa kabisa, na wakifanya hivyo sitawalaumu. Yarrow amepewa barua yenye mhuri inayosema hakukosea, na mkono ukipona atarudi kwenye kreni yake. Ila mhuri wa bandari hauna nguvu nje ya msikiti wa Griftu. Pale mwenye neno ni wewe.

Nisalimie Hooyo, shangazi Khadra na wote wanaoniulizia. Niombeeni dua, nami nawaombea.

Barua hii sikuitia posta. Nimempa Yarrow ailete, na bahasha sikuifunga. Ameisoma yote kabla yako. Kwa hiyo unaposoma hapa, yeye amekaa mbele yako kwenye mkeka, na Ruweyda bila shaka yuko nyuma ya pazia. Yarrow anakuheshimu, hatatangulia kusema neno. Tafadhali, Aabo, anza wewe.

Binti yako,
Kaaha