Mabonge ya Kuoga na Mafuta ya Mawese

Papa Neema,

Neno "mpendwa" sitaliandika hapa, usilitafute. Ninakuandikia barua ya wazi, mbele ya watu, kwa sababu simu zangu hupokei. Hapa Kalemie wapo wengi wa kukufikishia huko Manono.

Unaikumbuka ile Jumamosi ya mabonge ya kuoga, yale yanayotoa povu ukiyatia majini? Uliyaona kwenye simu, ukamkalisha Neema barazani pamoja na mdogo wake Elia. Bikarbonati yangu ya maandazi uliimaliza yote. Ukaichanganya na ule unga wa limau wa watengeneza juisi, Neema akaushindilia kwenye vikombe vyangu vya chai. Yalitakiwa mafuta kidogo ili bonge lishikane. Nilikuwekea ya karanga mezani, wewe ukachota mawese. "Mafuta njo mafuta," ulisema.

Bonge likaingia kwenye beseni, likafoka povu, na watoto wakatoka wekundu kama matofali. Taulo zangu za harusi zina madoa mpaka leo. Ulicheka ukajishika mbavu: "Mama Neema, wamekolea. Leta sahani ya bukari tuwale nayo kama mboga." Nami nikacheka. Hilo ndilo linaniuma, kwamba nilicheka na wewe.

Maana ulijua. Begi lako lilikuwa limeshafungwa, liko kwa kaka yako. Jumatatu ukapanda gari la Manono, mwezi mmoja tu, ukasema. Sasa ni mwaka wa tatu na una mwanamke mwingine huko. Uliwapa watoto siku moja tamu ili wakukumbuke vizuri, ukaniachia mimi kazi ya kuwasugua. Huo ni ujanja, Papa Neema, na ninauchukia.

Tangu hapo kila likizo wanadai mabonge. Ninapima vizuri, ninanyunyiza maji tone kwa tone yasije yakafoka kabla ya wakati, ninatia mafuta ya karanga. Yanatoka mazuri kuliko yako. Neema anaangalia beseni, anasema, "Ya Papa ilikuwa na rangi." Na Elia, ambaye siku ile hata kutembea alikuwa hajui, anaitikia, "Ilikuwa na rangi." Anakumbuka nini huyo? Mara ya mwisho niliyamwaga maji yote uani. Walilia, sikuwabembeleza.

Juzi kaka yako alikuja. Alikaa bila kukaribishwa, akaniambia watoto ni wa ukoo wa baba, umeshawatafutia shule, atawapitia kabla masomo hayajaanza. Nilimpa maji akanywa, kisha nikamwonyesha njia. Alipoondoka nilimuuliza Neema, nikitaka tu kumsikia akikataa: "Unataka kwenda kwa papa yako?"

Alisema ndiyo kabla sijamaliza swali. Halafu akaona uso wangu, akaenda kuosha sahani ambazo zilikuwa safi.

Basi sikiliza. Kaka yako hatamchukua mutoto yeyote hapa. Kuja wewe mwenyewe, mchana, majirani wakiona. Ukae mbele ya Neema, umwambie kwa mudomo wako kwa nini uliondoka. Akishasikia yote, kama bado anataka kukufuata, nguo zake nitamkunjia mimi, nitamsindikiza mpaka kwenye gari, na wewe sitakusamehe mpaka nizikwe.

Ni mimi, uliyemwachia watoto,
Mama Neema