Homa Iliyokosea Nyumba

Majengo, tarehe tisa mwezi wa kumi

Yaya wangu mupenzi Apolline,

Nakusalimu kwa moyo wote. Musalimu shemeji Zéphirin, na watoto mumoja mumoja hadi yule kadogo ambaye bado sijamubeba. Natumaini baridi ya Kibumba haijakurudishia kile kikohozi. Sisi huku tuko. Mugongo unaniuma nikiinama, nikisimama unanisamehe, basi ninasimama tu. Igiraneza yuko mwaka wa sita wa sekondari, amenipita urefu, na sasa ananirekebisha namna ninavyoongea.

Barua hii inakuja na Assani, yule dereva anayeleta kabichi zenu hapa Goma. Nimemupa pia gunia dogo lenye kamba ya bluu. Alipoliinua alicheka, akauliza kama mawe yamekwisha Kibumba hata mama wa Majengo anawatumia mengine. Nilimuambia abebe tu. Na wewe yaya, nakuomba, usilifungue kabla ya kumaliza kusoma. Sikupiga simu kwa sababu kwenye simu unanikatisha, na neno hili likikatwa katikati sitaweza kulirudia.

Nianze na kitabu. Mwalimu wa Kifaransa alimuazima Igiraneza kitabu kinene kama tofali, cha Warusi wa zamani. Kila muchana nikichambua maharagi ananisomea, ananigeuzia kwa Kiswahili. Ni habari ya kijana musomi, maskini, anakaa katika chumba kidogo kama sanduku, nchi ya baridi, nyumba zenye ngazi nyingi, kila wakati mutu anapanda ao anashuka. Kijana huyu anaanza kufikiri juu ya bibi mumoja muzee, mubaya, anayesumbua watu. Anajiuliza, huyu akiondoka, ni nani atalia? Wengi si watapumua? Anafikiri hivyo siku nyingi hadi mawazo yanakuwa kama hesabu, na siku moja anachukua shoka.

Nilidhani kitabu kitakwisha hapo, waje askari wamufunge. Kumbe hapo ndipo kinaanza. Hakuna aliyemuona, lakini kijana anaanguka na homa. Anaongea peke yake, analala na nguo zake, akisikia watu wanamutaja yule bibi nguvu zinamuisha. Kurasa na kurasa ni homa tu.

Yaya, sijawahi kushikwa na habari namna ile. Niliuliza hadi mutoto akachoka. Niliuliza kama siku ile alikula. Niliuliza kama usingizi ulikataa siku ile ile ao kisha wiki moja. Niliuliza kama homa ilimupata kwa kuogopa kukamatwa ao kwa kumuhurumia yule bibi, maana hizo ni homa mbili. Igiraneza aliacha kusoma akaniangalia. Alisema swali hilo mwalimu aliwauliza darasani, na sasa analisikia kwa mama yake aliyeachia masomo mwaka wa tatu wa primeri. Kisha akanitania kwamba ninahoji kama askari wa upelelezi.

Jirani yangu Aziza, yule anayeuza samaki wadogo wa sambaza, naye alikuwa anakuja kusikiliza. Yeye alisema kijana hana kitu, ni njaa tu. Wangemupa bugali na samaki, angelala vizuri, na shoka lingebaki la kuni. Tulicheka. Lakini mimi nilibaki na swali moja ambalo sikumuuliza mutu. Kama mutu ameua na homa haikumupata, homa yake imekwenda wapi?

Ni wewe uliyenijibu, bila kujua. Mwezi uliopita ulinipigia ukasema jirani yenu alimuomba shemeji amujengee ukuta wa banda la kuku, naye akashika jiwe la kwanza, akaliweka chini, akaingia kitandani. Mwili moto, jasho, anamuita mama yake. Ukasema wamepima damu, hakuna malaria, hakuna tifoidi. Na ukasema ni miaka minne hajaweka jiwe juu ya jiwe, yeye aliyejenga nusu ya kuta za mutaa wetu kule Mugunga. Uliniomba nisali. Nilijaribu, nikashindwa kusema hata Baba Yetu.

Sasa kaa chini, kama umesimama.

Unakumbuka lile shimo katikati ya shamba langu na kwa mama mukwe wako, muzee Dancille. Shimo la mazuku. Mazuku, ile hewa ya sumu inayotoka ardhini, haionekani, hainuki, inalala chini bondeni, asubuhi ndiyo inajaa, na chochote kinachoinamisha kichwa mule hakikiinui tena. Ndiyo maana shemeji alilizungushia ukuta, jiwe kwa jiwe bila simenti, kila jiwe amelichonga uso kwa nyundo yake.

Mbuzi za muzee Dancille zilimaliza mboga zangu za lenga-lenga mara tatu. Nilipokwenda kulalamika, alinijibu mbele ya wamama wote kwamba mbuzi zake hazikusoma, hazijui mupaka, basi nizifundishe mimi mwenye masomo mengi. Walicheka sana, maana masomo yangu wanayajua. Nilirudi na kicheko kile nyumbani. Nilifikiri siku nyingi. Nilijiambia mbuzi moja ikifia mule, muzee atafunga zingine, na sote tutapumua. Niliona ni hesabu nzuri. Jioni moja nilitoa mawe matatu pale ukuta ulipokutana na mwamba. Nafasi ya mbuzi moja.

Mbuzi, yaya. Nilifikiri mbuzi tu. Sikufikiri kwamba mutu anayependa mbuzi yake, akiiona imelala asubuhi, ataingia na kuinama kuvuta kamba.

Kwenye kilio shemeji alisimama mbele ya watu akasema ni yeye aliyemuua mama yake. Alisema siku ya kujenga aliharakisha, hakutia vijiwe vya kukaza, ndiyo maana mawe yalianguka. Mimi nilikuwa nyuma yako. Nilikushika mabega. Nikanyamaza. Na hakuna aliyeuliza, kama mawe yalianguka, yako wapi? Chini hapakuwa na hata moja.

Yalikuwa jikoni kwangu, chini ya sufuria. Juu yake nilipikia wageni wa kilio. Nilipohamia Majengo niliyabeba. Na nikuambie yote: nililala. Nilikula. Wewe mwenyewe uliniambia nimenenepa, nami nikashukuru. Miaka minne nilidhani Mungu amenipita. Kumbe homa yangu ilikuwa njiani inanitafuta, ikakosea nyumba, ikaingia kwenu, ikalala ndani ya mutu asiye na kosa.

Fungua gunia sasa. Mupe shemeji mawe mukononi. Yamekuwa meusi kwa moshi, lakini nimeyasugua na muchanga upande ule aliouchonga, na nyundo yake bado inaonekana. Atayatambua. Na aangalie pembe zake: ni nzima. Jiwe lililoanguka juu ya mwamba ule lingevunjika pembe. Ukuta wake haukuanguka, yaya. Mumuambie hivyo kwanza, mengine baadaye.

Jumapili nitapanda gari ya Assani nije. Kama hamutaki nishuke, mumuambie Assani tu, nitabaki ndani ya gari na kurudi naye. Mukitaka kunipeleka kwa chifu ao mbele ya kanisa, nitakuja na kitenge safi. Igiraneza hajui bado. Zimebaki kurasa chache za kitabu, na nimemuomba asinisomee mwisho hadi nirudi kutoka kwenu.

Ninapikia juu ya tofali mbili sasa, sufuria imeinama upande. Mutoto aliuliza mawe ya moto yako wapi. Nilimuambia yamerudi kwa fundi wake.

Usalimie majirani wote, na watoto uwakumbatie, kama bado unaruhusu salamu zangu ziwafikie. Mimi tangu jana ninasikia baridi, na huku nje jua linawaka. Igiraneza anataka nikapime malaria. Nimemuambia angojee kwanza, nisikie kama shemeji ameamka.

Mudogo wako,
Emerance