Gari Lililokwama Mbele ya Geti Letu

Kwako Baba Neema, huko Basotu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa ndani ya gari lako, lile ulilojiundia hapa uani. Neema amelala mapajani. Meno yanamsumbua, na hapa ndipo mahali pekee anapotulia. Usiniulize kwa nini.

Unakumbuka lile boneti? Fremu ya mabomba uliichomelea bila shida, lakini pua ya gari ikakushinda. Kila bati la pipa ulilokunja lilitoka na kona kama sanduku la shule. Ukanionyesha tena ile picha ya gari la michezo kwenye simu, ukasema, "Mke wangu, mimi najua kunyoosha tu."

Nikakuambia, "Basi niachie." Nikachanganya udongo na samadi ya ng'ombe kama ninavyokandika nyumba, nikafinyanga lile umbo kwa viganja, mimba ikiwa ya miezi saba. Lilipokauka ukawa unagonga bati na kulipima juu yake, unagonga, unapima, mpaka bati likalala sawasawa. Ukaniamkia, "Shikamoo, fundi!" Tulicheka hadi mtoto akacheza tumboni.

Halafu ikaja siku ya kulitoa. Majirani zetu wa hapa kijijini Daudi wamejaa getini, mama yako kavaa kitenge cha kanisani, Neema mchanga mgongoni kwangu. Liliwaka, Baba Neema. Liliunguruma vizuri mno! Ukaingia barabarani, na tumbo la gari likakaa juu ya lile tuta linaloachwa katikati na mikokoteni ya ng'ombe. Magurudumu yakazunguka bure. Ulikuwa umefuata picha, njia yetu hukuipima.

Mzee jirani akasema, "Fundi, hili ni gari au plau? Mbona linalima!"

Nikacheka. Mimi ndiye niliyeanza, wengine wakafuata. Ukageuka, na hukumtazama mzee. Ulinitazama mimi.

Maksai wakalivuta mpaka uani. Kesho yake ukasema unakwenda kutengeneza matrekta kwenye mashamba ya ngano ya huko Basotu, mwezi mmoja tu. Sasa Neema anatembea.

Kwa kile kicheko, nisamehe. Sikuicheka kazi yako. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na furaha, na maneno ya mzee yalichekesha kweli. Lakini ilinipasa kuja kusimama karibu yako kwanza.

Juzi shemeji, mdogo wako, alikuja na msumeno wa chuma. Anataka fremu atengenezee tela. Nimemkatalia. Usidhani nimekutunzia wewe peke yako. Ile pua ni kazi ya mikono yangu pia, na Neema alisimama mara ya kwanza akiwa ameishikilia.

Sasa nisikilize. Sitakuja Basotu kukubembeleza. Vitunguu saumu vinataka palizi, mgongo unaniuma, na mtoto anamwita baba kila mwanamume anayeingia hapa uani. Njoo mwenyewe. Usinyemelee gizani kama umeiba. Panda basi la asubuhi, ushuke sokoni mchana, watu wakikuona. Watakucheka, sikufichi. Mpaka leo wanakuita Fundi Plau. Ukishuka nitumie ujumbe. Nitamfunga mtoto mgongoni, nikufuate hapo sokoni, tupite mbele yao wote, na mimi nikiwa ubavuni kwako mpaka nyumbani.

Ni mimi mkeo,
Mama Neema