Homa Isiyosikia Dawa

Jumatatu, 4 Julai 1994
Baridi kali. Nimechemsha maji ya kuoga ya Zuhura, binti wa chuo aliyepanga chumba changu cha nyuma. Anateka maji ya mto chini ya mabanda ya kuku, anayatia kwenye visahani, anatazama wadudu gani wanakataa kufa kwa dawa. Chumba kinanuka. Nimemwambia. Akacheka, "Vumilia, Bibi, ndiyo elimu hiyo." Mimi elimu yangu kisomo cha watu wazima tu, naandika kama kuku anaparua. Lakini pua ninayo.

Mjukuu wangu Lusi anaharisha damu. Ana meno manne. Vidonge vya rangi mbili vya dukani kamaliza. Dawa ya zahanati kamaliza. Bado anachemka.

Jumanne, 5 Julai
Hospitali, Njombe mjini. Daktari kaandika dawa ileile. Nikauliza kama hana nyingine. Kaniambia nitulie. Nitulie nini? Binti yangu Tulizo, mama wa mtoto, kalia njia nzima. Nimemfokea. Kisha nimembeba mtoto mimi, ili yeye alie vizuri.

Jumatano, 6 Julai
Nimechukua nepi ya Lusi, nimeingia nayo kwa Zuhura. Pima na hii.
"Bibi, mimi napima maji, sipimi watu. Nikikosea je?"
"Maji yana mama?"
Kavaa mipira ya mikono, kapokea.

Ijumaa, 8 Julai
Zuhura kanionyesha. Ameweka vikaratasi vyenye dawa, kila kimoja na dawa yake. Wadudu wa Lusi wameota hadi ukingoni, kama magugu kwenye mahindi ya mvivu. Kikaratasi kimoja tu ndicho kimezungukwa na peupe, hapo wadudu wamekufa. Kisahani cha maji ya mto kiko vilevile.

Nikauliza wamejifunzia wapi ukaidi huu. Anasema kuku wananyweshwa dawa kila siku, wazima na wagonjwa, na samadi inashuka mtoni. Mdudu aliyeishinda dawa humgawia mwenzake ujanja, hata asiye wa ukoo wake. Kama sisi tunavyoombana kaa la moto. Nimekasirika. Ujirani mwema kwa wadudu!

Nimempelekea daktari kisahani, kakubali. Lakini dawa ya kikaratasi kile hana, ni ya sindano. Nikatafute Makambako. Siku hizi ruksa, kila kitu kinauzwa.

Jumamosi, 9 Julai
Makambako. Maduka yamejaa. Redio, mitumba, sabuni za kunukia, vidonge vya kila rangi. Sindano ile, hakuna. Kijana mmoja ananiambia, "Mama, chukua rangi mbili, zinatoka sana." Nimemwambia hata mimi choo kinatoka sana, sikiuzi.

Baba mdogo wa Zuhura, mwenye malori hapohapo Makambako, ndiye kaipata kwa rafiki yake. Kakataa hata asante. Kaniambia, "Panda gari, mama, mtoto hangoji." Kanirudisha mwenyewe.

Nimeshuka na dawa kifuani. Nimewakuta wanawake wamekaa chini.

Jumapili, 10 Julai
Tumemzika. Ardhi ngumu kwa baridi, vijana wamechimba kwa zamu. Mchungaji kasema Mungu ametoa, Mungu ametwaa. Huyo mtoto alitwaliwa na maji ya mto. Sikusema. Ningesema, Tulizo angeanguka.

Zuhura hakugusa visahani. Kashinda jikoni na wanawake, akimenya viazi. Wamemtania kwamba anamenya maganda manene, watakaoshiba ni nguruwe. Kacheka kidogo, kalia sana.

Jumatatu, 11 Julai
Nimekwenda kwa mwenye kuku. Kanikaribisha kiti. Anasema kuku wake wana afya. Kweli, wana afya. Nimewaona, wanene, wanang'aa. Nimeondoka bila kukaa.

Jumanne, 19 Julai
Maziwa ya Tulizo bado yanakuja. Yanajaa, yanauma, yanalowesha nguo. Mwili haujaambiwa. Asubuhi nimechuma kabichi ya kukausha maziwa, nimeponda mishipa ya majani kwa chupa, nimemfunga nayo kifuani kwa kitambaa. Amesema baridi. Nimemfunulia blanketi langu, akaingia humo kama alipokuwa mdogo. Sasa kalala. Mkono umekufa ganzi chini ya kichwa chake. Siutoi. Naandika kwa huu mwingine.